Wasiostahili Pishi Yangu

Olumbi, Jumapili, 14 Novemba 1971

Nimepima mchele wangu wa fitri. Pishi moja kamili, vibaba vinne, na punje chache juu yake. Nimeutia kwenye debe dogo, nimeufunika kwa sahani, juu ya sahani nimeweka jiwe. Panya wa nyumba hii hawana dini.

Mchele ni wa shamba langu mwenyewe, kile kipande cha bondeni ambacho askari wanatuachia tukilime mchana, kisha turudi ndani ya waya uliozunguka kijiji kabla jua halijashuka. Tangu mavuno sijaugusa. Nafuturu kwa muhogo, na muhogo unanitosha. Mtu wa hali ya kati kama mimi lazima ajinyime kidogo ili apate cha kuwapa maskini.

Lakini mwaka huu sitoi ovyo. Miaka yote nilimpa yeyote aliyepita karibu, na matokeo yake nayaona. Binti yangu Mariamo alivuka mto Ruvuma na mumewe, huu mwaka wa nne sasa, na sijapata neno lake hata moja. Sijui kama yu hai. Kwa serikali, Mariamo yuko Mocímboa kwa shangazi yake. Ndivyo nilivyomwambia shefe wa posto, mkuu wa serikali hapa, na ndivyo alivyoandika kitabuni. Tangu siku ile hapa kijijini hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Waliovuka hawatajwi, kwa kuwa serikali inawaita adui. Mimi mwenyewe nalitaja kwenye daftari hili tu, na daftari linalala chini ya mkeka.

Leo baada ya sala ya alasiri Ibraimo alijisifu. Ibraimo ni jirani yangu wa upande wa kusini, mwenye minazi mingi na maneno mengi. Alisema mwaka jana fitri yake alimpa Bibi Saquina, yule mzee anayekaa mwisho wa kijiji. Bibi akamwombea dua, na kabla ya sikukuu ya kuchinja ndugu yake Ibraimo akafunguliwa kutoka kifungoni. Siri yote, alisema, ni kujua kuchagua. Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nadhani alikuwa anatazama kanzu yangu. Ina dirisha begani, kweli, lakini kwa joto hili dirisha ni faida.

Kujua kuchagua! Kwa nini sikufikiria mapema? Pishi ni moja na haja ni moja: Mariamo arudi, au angalau neno lake lifike. Basi lazima nimpate yule mwenye shida kuliko wote, kwa sababu dua ya mwenye shida haizuiliwi na kitu. Nimeshapata watatu wa kuchunguza. Bibi Saquina mwenyewe. Mwalimu Chaquir wa chuo cha Kurani, mwenye watoto wengi na mshahara wa dua tu. Na jirani zangu wa upande wa pili, Orlando na mkewe Olinda, watu wa juu, wa uwanda wa Mueda, ambao askari waliwaleta hapa mwaka jana wakiwa na chungu kimoja. Hao ni Wakristo. Hilo nitaliuliza.

Nimejiwekea kanuni moja: mwenye cha kutoa si maskini. Atakayenipa kitu, hata kiwe kidogo vipi, namwondoa. Mwezi huu kwa hesabu zangu utatimiza thelathini, kwa hiyo Idi ni Jumapili ijayo. Muda ninao.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimekwenda kwa Bibi Saquina. Hila yangu: nibebe ufagio kama nauza, nifike kabla kidogo ya magharibi chungu kikiwa motoni, nichungulie ndani. Mwenye shida anajulikana kwa chungu chake.

Kazi yangu, niandike ijulikane, ni kutengeneza fagio za njukuti, vijiti vya makuti. Kila nyumba ya Olumbi ina ufagio wangu, nyingine zina tatu, na bado wananunua. Ni watu wasafi sana.

Chungu kilikuwa na uji. Nilikuwa nimenyoosha shingo kuona kama una nazi, Bibi akageuka akaniona. Akaniambia, mwanangu, kaa. Nikakaa ili nichunguze vizuri zaidi. Adhana ilipolia alinimiminia mimi kwanza, bakuli limejaa, kisha akateremsha kipande cha papa mkavu kilichokuwa kimening'inia juu ya moshi. Yeye alikunywa maji na uji kidogo wa chini ya chungu. Alisema uzee umemfunga tumbo. Nilimwamini, nikala papa wote.

Kisha akanunua ufagio. Alipokwenda kuuweka niliona nyuma ya mlango fagio zangu nyingine nne, hazijagusa mchanga.

Nilipoaga aliniuliza kama haja yangu bado ni ile ile. Nikamuuliza haja gani. Akasema, ile, mwanangu. Akaziba mdomo kwa pembe ya leso. Nilitoka haraka.

Uamuzi: ana papa wa kugawa na ana nafasi ya kununua fagio tano. Nimemwondoa. Ibraimo alikuwa amekaa barazani kwake akaniona natoka huku nafuta mdomo. Hakucheka. Alitikisa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyepata jibu la swali lake. Sikuupenda ule mtikiso wake.

Jumanne, 16 Novemba

Kwa Mwalimu Chaquir nilitumia akili zaidi. Nilimwendea na swali la sheria. Nilimwambia kuna mtu mmoja, jina silitaji, anataka kujua ni nani hasa anayestahili fitri.

Mwalimu alifunga kitabu. Akawaambia watoto wakasome nje. Kisha akasogea akazungumza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa. Alisema mtu huyo asione haya hata kidogo. Kupokea nako ni ibada, kwa kuwa mpokeaji anamsaidia mtoaji kutimiza wajibu wake. Na yule asiye na chakula cha kumtosha siku ya Idi na usiku wake, huyo hadaiwi fitri kabisa. Akae nyumbani kwake atulie. Watu wanaijua njia.

Nilielewa papo hapo. Maskini, Mwalimu alikuwa anajisemea mwenyewe! Ana haya ya kuomba, basi anapitia kwenye sheria. Machozi yalinilengalenga. Nikawa nimeshaamua moyoni kwamba pishi ni yake, na dua ya mtu aliyesoma hivi itavuka Ruvuma bila kulowa.

Wakati huo huo akasimama, akafungua sanduku, akatoa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akasema inambana siku hizi. Mwalimu ni mwembamba kama njukuti, sijui inambana wapi. Nilimwambia kanzu ninayo. Akalitazama lile dirisha langu la begani, akasema moja ya siku zote, moja ya Idi. Watoto walikuwa wanachungulia mlangoni. Niliipokea ili nisimwaibishe mbele yao.

Mtu mwenye kanzu ya ziada! Nimemwondoa, kwa masikitiko.

Kabla sijatoka nilimuuliza habari ya Wakristo. Alisema fitri ni ya Waislamu, lakini sadaka nyingine mpe jirani yeyote, jirani ni jirani. Nikauliza kama dua ya Mkristo nayo inafika. Akasema huko juu Mungu hakuweka geti wala askari sipai wa kukagua watu. Akachungulia dirishani kuhakikisha kwamba sipai wa huku chini hakumsikia.

Nimeijaribu kanzu. Inanienea sawasawa, utadhani nilipimwa.

Jumatano, 17 Novemba

Nimegundua kosa. Nikienda mwenyewe, watu wananipa vitu na uchunguzi unaharibika. Inatakiwa njia ambayo mimi simo.

Basi nimefunga kibaba kimoja cha mchele kwenye kitambaa changu cha bluu, nikakiacha njiani karibu na kisima. Atakayekiokota na kwenda nacho kimya kimya, huyo ndiye mwenye shida ya kweli. Nami nikakaa mbali kidogo nachambua njukuti kama sina habari.

Wa kwanza alikuwa Awa, mke wa Ibraimo. Aliokota, akanusa, akaja moja kwa moja hadi nilipo. Akasema, shemeji, umeangusha. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni changu. Akasema kitambaa hiki Olumbi nzima inakijua, akakiweka mapajani mwangu na kuondoka na ndoo yake.

Nikahamia karibu na msikiti. Mara hii alikiokota Saide muuza samaki. Nilifurahi, kwa sababu alikitia kapuni akaenda nacho. Nilimfuata nyuma kwa tahadhari kubwa. Alikwenda hadi nyumbani kwangu, akabisha hodi, akangoja, akaniona nyuma yake. Akanipa, pamoja na dagaa waliofungwa kwenye jani, akasema jua limewachoma hawauziki. Walikuwa wabichi kabisa.

Mara ya tatu nilikiacha karibu na duka la kantina nikaenda zangu shambani, ili nisionekane kabisa. Jioni nimekikuta kizingitini. Nimekifungua nikapima. Si kibaba kimoja. Ni viwili kasoro kidogo. Nimepima tena, viwili kasoro kidogo. Kibaba changu kina hitilafu na itabidi nikiangalie. Na kwenye pembe ya kitambaa kuna fundo la chumvi. Chumvi siku hizi ni kitu cha kupanga foleni tangu alfajiri. Mchele hautoi chumvi. Sijaelewa.

Saide ameondolewa kabla hata hajaingia.

Alhamisi, 18 Novemba

Leo naandika mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Asubuhi nilijaribu kitambaa kwa mara ya mwisho. Nilikiweka pembeni kabisa, karibu na waya, mahali wanapopita wanawake wasio na kuni. Nilifikiria kila kitu ila kitu kimoja. Chakula kilichoachwa kwenye waya askari wanakipa jina lao. Wanakiita chakula cha watu wa msituni, wale wanaopigana nao.

Domingos, sipai wa getini, alikiona kabla ya mwenye shida yeyote. Na yeye naye anakijua kitambaa changu.

Nimepelekwa posto. Shefe ameniuliza kwa kupitia mkalimani, nani wa msituni ninayemlisha. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa afungue kile kitabu chake, atazame jina la Mariamo, atume mtu Mocímboa kwa shangazi. Shangazi mwenyewe alikufa siku nyingi. Nikaanza kueleza habari ya fitri, ya kanuni yangu, ya kibaba chenye hitilafu. Mkalimani alichoka njiani akaacha kutafsiri.

Ndipo akaingia Orlando, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita. Mtu wa juu, ambaye kila wiki lazima aripoti hapo hapo posto na kila wiki anarudi ameinamisha kichwa, ameingia mwenyewe kwa miguu yake. Akasema mchele ni wake. Mzee Abibo, yaani mimi, aliwapa, na mkewe ameuangusha alipokuwa anatafuta kuni. Shefe akamuuliza kwa nini mzee huyu awape mchele. Orlando akasema, ni jirani yetu, ndivyo alivyo.

Shefe alinitazama, akalitazama dirisha la kanzu yangu, nilikuwa nimevaa ile ya siku zote. Akacheka. Akaniachia. Orlando akapewa adhabu ya kufagia uwanja wote wa posto juani hadi jioni, kwa uzembe wa mkewe. Nilimpelekea ufagio mpya. Bure.

Jioni amekuja na kitambaa changu, mchele haujapungua punje. Olinda nyuma yake na kikapu cha muhogo mkavu. Nilimuuliza Orlando kwa nini amejitia hatarini kwa ajili yangu. Akasema, mzee, wewe una mtu kule. Na sisi tunaye. Olinda aligeuza uso upande wa giza. Hawakusema ni nani, sikuuliza. Tulikaa pale watatu hadi moto ukashuka.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: moyo uliniuma, na nimewapenda wale watu wawili kama wa tumbo moja na mimi.

Lakini muhogo wameleta. Na tena amesema uongo mbele ya serikali, sijui dua ya ulimi wa namna hiyo inapokelewaje. Nimemwondoa. Huyu nimemwondoa kwa uchungu kuliko wote.

Ijumaa, 19 Novemba

Leo nimefumbua macho.

Nilikaa kivulini mwa nyumba nikapitia wiki nzima. Bibi Saquina ametoa. Mwalimu ametoa. Awa, Saide, Orlando, Olinda, mwenye kutia chumvi, wote wametoa. Hapa Olumbi pana ukwasi ambao sikuujua. Ni mtu mmoja tu hajanipa hata kifuu cha nazi. Ibraimo!

Kwa nini hajatoa? Jibu ni jepesi. Asiyetoa hana. Ile minazi ni ya kutazamwa tu, na yale majivuno yote ni pazia. Maskini Ibraimo, miaka yote hii nimekaa naye ukuta kwa ukuta na sikuiona shida yake. Nilijilaumu hadi nikatokwa na jasho.

Kabla ya magharibi nikavaa kanzu mpya, nikaficha debe kwapani, nikaenda. Awa alinipokea mlangoni, akalichukua debe mikononi mwangu akaliweka juu ya kabati, akinigombeza kwamba mgeni haji na chakula chake. Ningesemaje? Siwezi kumwambia mwanamke kwamba mumewe ni maskini, na pengine yeye mwenyewe hajui.

Nikakalishwa. Tende, uji wa pilipili manga, wali, samaki wa nazi. Nilisikitika kuona jinsi wanavyojikakamua kwa ajili ya kuficha hali. Ibraimo alikuwa anazungumza habari za makuti bila kunitazama, na huku mkono wake unasukuma minofu yote upande wangu wa sinia. Niliisukuma kurudi kwake. Akaisukuma tena. Mwishowe nilikula ili asione haya.

Akasema ana makuti yamebaki, yanamzibia njia, hajui pa kuyatupa. Baada ya Idi yeye na Orlando watakuja kuyatupa juu ya paa langu. Nikamwambia paa langu ni zima. Akasema anajua ni zima, yeye anatafuta jalala tu.

Basi na yeye ameondoka. Wali, samaki na makuti kwa siku moja. Sijawahi kuona mtu akijiondoa kwa kasi namna hiyo.

Nilikuwa natafuta namna ya kuliomba debe langu, mara kelele nje. Mwezi umeonekana! Ishirini na tisa! Mimi nilipiga hesabu ya thelathini. Idi ni kesho, fitri lazima itoke kabla ya sala, na hapa nilipo sina mtu hata mmoja. Wote wameondolewa. Nimerudi nyumbani na debe kwapani, na juu yake kipande cha samaki ambacho Awa amekifunga kwenye jani.

Mariamo mwanangu, baba yako amechelewa tena.

Jumamosi, 20 Novemba, asubuhi

Naandika kwa haraka, mlangoni kuna watu.

Adhana ya alfajiri ilikuwa haijamalizika Ibraimo akabisha. Pishi moja ya mchele mweupe, umepetwa. Ameuweka kizingitini, akanishika mkono, akasema, Mungu amrudishe Mariamo. Kwa sauti! Nikamwambia ashushe sauti. Akalisema tena vile vile.

Nyuma yake Bibi Saquina na fimbo yake. Pishi. Mungu amrudishe Mariamo. Mwalimu Chaquir, pishi, na dua ndefu ya Kiarabu na jina lake katikati. Saide. Awa, ambaye amesema pishi ya mumewe ni ya mumewe na yake ni yake. Wengine wa upande wa msikiti ambao hata sisalimiani nao sana. Orlando na Olinda wameleta boga kubwa, wamesema hii si fitri, ni boga tu. Olinda hajawahi kumwona mwanangu hata siku moja, na amelitaja jina taratibu, lote, hakuruka kitu.

Miaka yote hii sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu. Nilikuwa nimeanza kudhani wamelisahau.

Kisha Domingos akapita kwenye doria yake. Akasimama, akaitazama michele, akatutazama sisi. Akaniuliza, yule wa Mocímboa hajambo? Nikasema hajambo. Akasema, Mungu amlete salama huyo wa Mocímboa, akaweka kofia yake vizuri na kuendelea na njia bila kugeuka. Bibi Saquina akalitaja jina tena nyuma ya mgongo wake, la Mariamo, kwa sauti ile ile.

Nikawaambia naingia ndani kutafuta kitu. Ndani hakuna cha kutafuta. Nimesimama tu gizani hadi macho yakakauka, na sasa nimeona niandike kidogo ili nionekane nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 20 Novemba, jioni

Nimeswali, nimerudi, nimetulia. Na nimeelewa kila kitu.

Kijiji kiliuona uchunguzi wangu. Wiki nzima wameniona nikipita nyumba hadi nyumba, napima, nachungulia, naondoa. Wakakaa wakashauriana, wakaniteua niwe mgawaji wa fitri za Olumbi. Wangenipa habari mapema, lakini hata hivyo nimefurahi kwamba hatimaye wametambua.

Nilianza kazi hapo hapo. Nilijitwika kapu kabla ya sala nikabisha milango, yote imefungwa, watu wameshatangulia msikitini. Baada ya sala nilimkamata Ibraimo nikamuuliza nianze na nani. Akasema, kula, Abibo. Yeye kila kitu ni mzaha. Nikamuuliza Mwalimu, naye akasema nile, na hakuwa anacheka. Nimeelewa, wananijaribu uaminifu. Hawatanipata.

Kuhusu zile dua nasikitika. Zote zimepotea bure. Watu wameziomba kabla sijawapa chochote, tena wao ndio waliotoa, kinyume nyume kabisa. Kwanza pishi, kisha dua, huo ndio utaratibu. Hawa watu wana moyo mzuri ila hawajui mambo. Mwaka ujao nitaanza mapema, tangu Shaabani, na nitakuwa mkali zaidi na watoaji.

Pishi yangu mimi ilimpata mwenyewe dakika za mwisho, Mwalimu akiwa tayari anapanga safu. Lilinijia ghafla. Nani hajanipa kitu hata kimoja? Si kanzu, si samaki, si chumvi. Si salamu. Miaka minne hata salamu. Kwa kanuni yangu hakuna mwenye shida kuliko yeye. Tena ni msafiri, na msafiri ana fungu lake kwenye sheria. Nikanuia pale pale: pishi hii ni ya Mariamo. Nilimnong'oneza Mwalimu. Akasema mtu hampi fitri mtoto wake. Nikamwambia ameolewa, yuko kwenye hesabu ya mumewe. Mwalimu akaniambia nisimame karibu naye kwenye safu ya mbele.

Nimeutenga mchele wake mbali na ule wa watu, usije ukachanganyika. Kutoka mtoni hadi hapa ni mwendo, atafika na njaa.

Sasa nimebandika muhogo. Pishi zimejaa ukuta mzima na boga juu yake, lakini mchele huu ni amana ya maskini, na hapa Olumbi bado sijampata hata mmoja.